Cobra Mbili, Bei Mbili: Gari la Mbio la Kale na Nakala Yake

Mwezi Agosti 2016, katika mnada uliofanyika Monterey, California, gari dogo la wazi lenye viti viwili liliuzwa kwa dola za Marekani milioni 13.75. Lilikuwa Shelby Cobra ya kwanza kabisa, iliyoundwa mwaka 1962 na kupewa namba ya chasisi CSX2000. Karibu na wakati wa mnada huo, mafundi wa viwanda vya Durban na Gqeberha nchini Afrika Kusini walikuwa wakiunda magari yenye umbo lilelile, yenye mlio unaofanana na ule wa zamani na breki zilizo bora kuliko zile za 1962, na wateja wao waliyanunua kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kijana wa Shangani au wa Mikindani, huko Mtwara, anayeletewa picha za magari hayo mawili kwenye simu, moja baada ya jingine, ana haki ya kuuliza kama matajiri wa dunia wana akili timamu.

Wanazo, ila bidhaa waliyonunua haionekani kwenye picha. Aliyelipa milioni 13.75 alilipia namba ya chasisi pamoja na kumbukumbu zinazoifuata namba hiyo, kwamba gari lilitoka kwa nani, likaenda wapi, likaendeshwa na nani na likarudi kwa nani, bila pengo katikati. Umbo hupimwa na kunakiliwa, na mwendo kasi hupatikana kwa injini yoyote yenye nguvu ya kutosha. Kumbukumbu ndizo zisizoweza kuundwa upya, isipokuwa kwa udanganyifu, na ndiyo maana biashara ya magari ya kale ya mbio imejaa wanasheria karibu sawa na ilivyojaa mafundi.

Tuanze na Cobra yenyewe, kwa kuwa hakuna gari la michezo lililonakiliwa kuliko hilo. Carroll Shelby alikuwa dereva wa mbio kutoka Texas ambaye mwaka 1959 alishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, akiendesha Aston Martin kwa kupokezana na mwenzake, kisha akalazimika kuacha mbio kwa sababu ya maradhi ya moyo. Huko Thames Ditton, Uingereza, kampuni ndogo ya AC Cars ilikuwa inaunda gari jepesi liitwalo Ace, na ilikuwa imekosa injini baada ya kampuni ya Bristol kuacha kuizalisha ile iliyokuwa ikitumika. Shelby aliwaomba AC wamtengenezee gari lao litakaloweza kubeba injini ya V8 ya Kimarekani, na kwa upande wa pili akawaomba Ford injini. Pande zote mbili zikakubali. Injini ya kwanza ilikuwa na ukubwa wa takriban lita 4.3, ikafuatiwa na ya lita 4.7, na mwaka 1965 ikaja ya lita 7 ambayo ililazimu chasisi isukwe upya kwa mabomba manene zaidi. Hadi uzalishaji ulipokoma mwishoni mwa miaka ya 1960, Cobra zote zilizotengenezwa zilikuwa kama 1,000 hivi.

Idadi hiyo ndogo ndiyo iliyowaita wanaonakili, ingawa urahisi wa gari lenyewe nao ulichangia. Chasisi ya Cobra ni mabomba mawili makubwa yanayokwenda sambamba kutoka mbele hadi nyuma, yakiunganishwa na mengine ya kukatiza, na fundi mzuri wa kuchomelea wa Masasi au Nachingwea angeiangalia kwa nusu saa akaelewa kila kiungo kinafanya kazi gani. Injini ya Ford ilitengenezwa kwa wingi mno kwa ajili ya magari ya kawaida, hivyo spea zake zilijaa kila mahali Marekani. Kilichobaki kigumu kilikuwa bodi, na bodi ndiyo iliyopata dawa yake katika faiba.

Hapa msomaji wa pwani ya kusini ana faida kuliko msomaji wa Dodoma, kwa sababu boti za faiba anaziona ufukweni na pengine anamjua fundi anayeziziba zikipasuka. Kazi ya kutengeneza bodi ya gari la nakala haitofautiani sana na ile ya kuunda boti. Kwanza hupatikana umbo la mfano, ambalo linaweza kuwa gari halisi lililoazimwa au sanamu iliyochongwa na kupigwa msasa mpaka ing'ae. Juu ya umbo hilo hupakwa nta ili vitu visigandane, kisha faiba hutandazwa kuzunguka umbo lote, ikikauka huvuliwa, na hapo kalibu imepatikana. Kila bodi inayofuata huanzia ndani ya kalibu: nta tena, halafu jelikoti ambayo ndiyo itakuwa ngozi ya nje, halafu mati za nyuzi za kioo zinazolowekwa resini, yaani gundi ya maji inayogeuka ngumu, tabaka baada ya tabaka, huku fundi akizibana kwa rola ili hewa isibaki ndani. Resini huchanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, na kwenye joto la kwetu mchanganyiko hukauka upesi kiasi kwamba fundi asiyepunguza hadena huiona resini ikigeuka jiwe ndani ya ndoo kabla hajamaliza upande mmoja. Kalibu moja hutoa bodi nyingi, na bodi hiyo haijui kutu, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayeegesha gari mita chache kutoka baharini.

Bodi ya Cobra ya 1962 haikutoka kwenye kalibu. Mafundi walikata bati la alumini, wakaligonga kwa nyundo ya mbao, wakalipitisha kwenye gurudumu la kukunjia mara nyingi huku wakilipima kwenye kiunzi, kisha wakaunganisha vipande kwa gesi na kuzisugua alama za kuchomelea hadi zipotee. Kwa hiyo Cobra mbili za kweli hazifanani kabisa, na upande wa kushoto wa gari moja unaweza kutofautiana kidogo na upande wake wa kulia. Ulinganifu kamili wa pande zote ni dalili ya kwanza inayomfanya mkaguzi avue koti lake. Sumaku haimsaidii chochote, maana haishiki alumini wala faiba. Kinachomsaidia ni kugonga kwa kifundo cha kidole, kwa sababu alumini huitika na faiba hutoa sauti butu. Na kuingiza mkono chini ya boneti, ambako faiba isiyopigwa msasa huacha nyuzi zinazokwaruza ngozi. Hata hivyo kipimo hiki kina mpaka wake, kwa kuwa wapo mafundi wa leo wanaogonga alumini kama ilivyogongwa miaka ya 1960, na nakala zao hupita mtihani huo bila shida.

Njia nyingine ya kuunda nakala ni kuchukua gari la kawaida na kulivalisha bodi mpya. Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa kazi hii, kwa sababu bodi yake hufunguliwa boliti na kuondolewa ikabaki sakafu yenye injini nyuma, giaboksi na magurudumu manne. Porsche za mwanzo zilitokana na ufundi wa Beetle, hivyo bodi ya faiba yenye sura ya Porsche 356 Speedster hukaa juu ya sakafu hiyo, ambayo kwa kawaida hufupishwa kwanza. Porsche 550 Spyder, gari la mbio ambalo yalitengenezwa kama 90 tu kati ya 1953 na 1956, na ambalo mwigizaji James Dean alipata nalo ajali iliyomuua tarehe 30 Septemba 1955, nalo limenakiliwa sana kwa injini hiyohiyo ya Beetle. Anayelisogelea karibu atacheka kidogo: injini halisi ya 550 ilikuwa na kamshafti nne, yaani mihimili ya kufungulia vali, na ilihitaji fundi aliyesomea kuipanga, ilhali ile ya nakala inarekebishwa na mtu yeyote aliyewahi kufungua Beetle chini ya mwembe.

Lotus Seven ina kisa chake cha pekee ambacho hakihitaji maneno mengi. Colin Chapman aliianzisha mwaka 1957, na Lotus walipoamua kuachana nayo, kampuni ya Caterham ilinunua haki zake mwaka 1973 na inaendelea kuitengeneza mpaka leo. Kuiita Caterham nakala ni kosa, na kuiita Lotus ni kosa pia.

Kisa hicho kinatufikisha kwenye jambo linalowachanganya wengi, nalo ni kudhani kwamba kuna magari ya aina mbili tu, la kweli na la bandia. Kati ya hayo mawili kuna ngazi kadhaa, na kila ngazi ina bei yake na masharti yake. Liko gari ambalo halijaguswa, lenye rangi yake ya kiwandani iliyopauka na viti vilivyochanika. Siku hizi wanunuzi wengi hulipa zaidi kwa gari la namna hiyo kuliko lililong'arishwa. Liko lililofanyiwa matengenezo makubwa kwa kutumia chasisi, injini na bodi yake lenyewe. Liko lililojengwa upya kuzunguka vipande vichache vilivyosalia baada ya ajali au moto. Kisha yapo yanayotengenezwa leo na kiwanda kilekile cha zamani, na yapo yanayotengenezwa na kampuni nyingine kwa kibali cha mwenye jina. Chini yake ziko nakala zisizo na kibali ambazo hazimdanganyi mtu, na chini kabisa, nje ya ngazi, kuna gari lililotengenezwa ili lidanganye.

Jaguar ndiyo iliyoleta mjadala mkali zaidi kuhusu magari yanayotoka kiwandani miongo kadhaa baada ya wakati wake. Jaguar D-Type ilishinda Le Mans miaka mitatu mfululizo, 1955, 1956 na 1957. Kampuni ilibaki na magari ambayo hayakuwa yameuzwa, ikaamua kuyageuza kuwa ya barabarani kwa jina la XKSS, ikiyaongezea kioo kirefu cha mbele, mlango wa abiria na paa la turubai. Usiku wa tarehe 12 Februari 1957 moto ulizuka katika kiwanda cha Browns Lane, Coventry, na magari tisa yaliyokuwa yakisubiri kupelekwa sokoni yakateketea. XKSS zilizokamilika zikabaki 16. Karibu miaka 60 baadaye, mwaka 2016, Jaguar ilitangaza kwamba itayatengeneza magari tisa mapya ili kuziba pengo la yale yaliyoungua, kwa vipimo vya magari yaliyosalia na kwa kazi ya mikono. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imefanya jambo kama hilo kwa E-Type nyepesi ya mbio, ambayo ilipangiwa magari 18 mwaka 1963 yakatengenezwa 12, na yale sita yaliyobaki yakaja kuundwa wakati wajukuu wa mafundi wa awali wamekwisha kuwa watu wazima.

Je, gari kama hilo ni halisi? Kwa maoni yangu, kampuni inayodai kwamba inakamilisha orodha ya 1957 inatumia lugha ya kuuzia, ingawa haidanganyi. Jina ni la kwake na michoro ni ya kwake. Lakini gari lililotoka kiwandani 2017 halikuwahi kushindana na mtu yeyote mwaka 1957, na soko linaonyesha kulitambua hilo, kwa sababu bei ya XKSS ya zamani hukaa mbali juu ya ile ya XKSS mpya, japokuwa mpya imeundwa kwa uangalifu mkubwa kuliko ya zamani.

Mgogoro mgumu zaidi unahusu magari ya mbio yenyewe, na ugumu wake unatokana na kazi yake. Gari la mbio halikuundwa ili litunzwe. Liligongwa Jumapili, likanyooshwa Jumatano, likafungwa injini ya gari jingine Ijumaa, na mwisho wa msimu likauzwa kwa mtu aliyelibadilisha bodi ili lifuate mtindo mpya. Timu za miaka ya 1950 zilikuwa na tabia ya kuhamisha kibati cha namba kutoka gari moja hadi jingine ili karatasi za forodha zilingane na gari lililokuwa tayari kuvuka mpaka siku hiyo. Maserati 250F, gari ambalo Juan Manuel Fangio aliliendesha kutwaa ubingwa wake wa mwisho wa dunia mwaka 1957, limewasumbua wanahistoria kwa sababu hiyo, maana namba moja inaweza kuonekana kwenye picha za chasisi mbili tofauti. Matokeo yake ni kwamba leo kuna magari mawili yanayodai namba moja, pengine moja lina chasisi ya zamani na jingine lina injini na kibati, na kila mwenye gari ana barua za kumtetea.

Mahakama Kuu ya Uingereza ililikabili tatizo hili mwaka 1990 katika kesi ambayo wapenzi wa magari huirejea mpaka sasa. Gari lililobishaniwa lilikuwa Bentley Speed Six iliyojulikana kama Old Number One, iliyoshinda Le Mans mwaka 1929 ikiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, ikashinda tena mwaka 1930 ikiendeshwa na Barnato na Glen Kidston. Baada ya ushindi huo gari halikupumzika. Lilibadilishwa kwa ajili ya mbio za uwanja wa Brooklands, Uingereza, likafungwa injini ya lita 8, na mwaka 1932 likaruka ukingo wa juu wa uwanja huo na kumuua dereva Clive Dunfee. Likajengwa upya likiwa na bodi iliyofunikwa, likapita mikono kadhaa, na hatimaye mwenye gari akakubaliana na kampuni moja ya ununuzi kuliuza kwa thamani ya pauni milioni 10. Mnunuzi akasita, akidai kwamba gari hilo si Old Number One, kwa kuwa karibu kila kitu kilichokwenda Le Mans kilikuwa kimekwisha kubadilishwa.

Jaji Otton aliwasikiliza mashahidi wa pande zote mbili wakichambua gari kipande kwa kipande. Alikubali kwamba katika gari la 1929 hakikubaki chochote ambacho kingeweza kuthibitishwa, na kwamba katika lile la 1930 vilibaki vitu vichache vya kuhesabika kwa vidole, kama vile kasha la giaboksi na mhimili wa usukani. Pamoja na hayo alimpa ushindi muuzaji. Hoja yake ilikuwa kwamba mabadiliko yalifanyika polepole, moja baada ya jingine, ndani ya gari lililoendelea kuwapo na kuendelea kutambulika kwa jina hilohilo, wala hakuna wakati wowote ambapo gari lile lilikoma na jingine likaanza. Akatenganisha madai mawili: gari halikuweza kuitwa la asili kwa maana ya kuwa na vyuma vyake vya mwanzo, lakini liliweza kuitwa Old Number One ya kweli.

Wapo wanaoupinga uamuzi huo mpaka leo, nami naelewa kwa nini, ila mtu wa Lindi hapaswi kuuona kuwa wa ajabu. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, anasimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilitoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, na fuvu lililo juu ya shingo ni mfano, kwa kuwa fuvu la kweli ni dhaifu mno kuwekwa pale. Hakuna mtaalamu anayesema kwa sababu hiyo kwamba mjusi yule ni wa uongo, na hakuna anayemtangaza kuwa ni mifupa ya mnyama mmoja. Makumbusho inaeleza kilichomo. Gari lenye historia ndefu ya matengenezo linastahili kuelezwa vivyo hivyo, na kosa huanza pale mwenye gari anapoficha fuvu lipi ni lipi.

Sheria za mashindano ya magari ya kale zinaifuata hoja hii kwa namna ambayo wengi hawaijui. Shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, hutoa pasi ya kiufundi kwa kila gari la kale linalotaka kushindana katika mashindano yake. Wauzaji huionyesha pasi hiyo kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Sivyo ilivyo. Pasi inathibitisha kwamba gari linalingana na vipimo vya wakati wake, yaani ukubwa wa injini, aina ya breki, upana wa matairi na kadhalika. Haithibitishi kwamba gari lenyewe ndilo lililoshinda mahali fulani mwaka fulani. Baadhi ya wenye magari ya thamani kubwa huyaacha nyumbani na kushindana na nakala iliyoundwa kwa vipimo vilevile, uamuzi ninaouona wa busara kabisa pale ambapo kona moja iliyokosewa inaweza kugharimu zaidi ya jengo la ghorofa.

Sheria za nchi, kwa upande wake, hazikubaliani. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2015 inayomruhusu mtengenezaji mdogo kuunda hadi magari 325 ya nakala kwa mwaka bila kutimiza masharti yote ya usalama ya magari mapya, mradi gari linaloigwa liwe na umri wa miaka 25 au zaidi na injini itimize viwango vya sasa vya moshi. Kabla ya hapo, nakala nyingi zilizotoka Afrika Kusini zilisafirishwa kwenda Marekani bila injini, ili sheria izihesabu kuwa ni vipuri, na injini ikafungwa baada ya kufika. Nchini Italia, mahakama ya Bologna iliamua mwaka 2019 kwamba Ferrari 250 GTO, gari ambalo yalitengenezwa 36 tu, ni kazi ya sanaa inayolindwa, hivyo haliruhusiwi kunakiliwa ovyo. Nchini Sweden, Jaguar ilishinda kwanza mahakamani dhidi ya familia iliyokuwa ikiunda nakala ya C-Type, kisha mahakama ya rufaa ikaugeuza uamuzi huo. Anayetaka kuunda nakala anapaswa kujua yuko nchi gani kabla ya kununua bomba la kwanza.

Na sisi tuna nini cha kunakiliwa? Tunacho, na ni karibu kuliko Le Mans. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yakawa kipimo cha gari gumu duniani. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliyashinda mwaka 1966 na 1967 pamoja na msomaji njia wake Chris Rothwell, wakiendesha Peugeot 404. Gari hilo halikuwa la michezo kwa sura. Lilikuwa la familia, lenye viti vya watu watano na buti la kubebea magunia, na hiyo ndiyo sababu ushindi wake uliingia vichwani mwa watu kuliko ushindi wowote wa Ferrari. Baadaye Datsun 240Z, ambayo kweli ilikuwa gari la michezo, ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta.

Tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya kale yanayofuata nyayo hizo Afrika Mashariki, na anayeyatazama ataona kitu cha kushangaza: Porsche 911 zimejaa na zinashinda, wakati Porsche haikuwahi kushinda Safari yenyewe hata mara moja. Nyingi ya hizo 911 ni magari yaliyoandaliwa upya kwa ajili ya mashindano ya sasa, yenye chasisi zilizoimarishwa na shokomzoba za kisasa ndani ya masharti yaliyowekwa. Ni magari ya kale yenye haki zote, lakini si masalio ya Safari ya zamani. Tofauti hiyo huanza kuuma siku gari linapouzwa kwa kupewa historia ambayo halina.

Mtu wa Mtwara au Lindi hatatarajia kuuziwa Cobra, na Ford GT40, ambayo jina lake lilitokana na kimo chake cha inchi 40, yaani kama sentimita 102, isingevuka matuta kati ya Mnazi Mmoja na Masasi bila kuacha tumbo lake njiani. Anachoweza kuuziwa ni Peugeot 404 au Datsun iliyokaa bandani kwa miaka, pamoja na maelezo kwamba iliwahi kukimbia Safari. Gari lililokimbia kweli huwa na makovu yanayotabirika. Mashimo ya taa za ziada mbele yatakuwapo, au alama za kuzibwa kwake. Sehemu za kushikia shokomzoba zitakuwa zimeongezewa vibati na kuchomelewa kwa wingi, maana hapo ndipo gari lilipovunjika kwenye barabara za vumbi. Chini ya injini kutakuwa na matundu ya boliti za bamba la chuma la kuikinga. Ndani, upande wa msomaji njia, mtu ataona mahali palipofungwa taa ndogo na vifaa vya kupimia umbali. Bahati mbaya mambo hayo yote fundi mwenye drili anaweza kuyatengeneza kwa siku mbili, na kwa hiyo yanasaidia kulikataa gari kuliko kulikubali.

Kinachosaidia kulikubali ni karatasi zinazoweza kulinganishwa na chuma. Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania huonyesha namba ya chasisi, namba ya injini na mwaka wa kutengenezwa. Injini iliyobadilishwa inapaswa kuwa imeandikishwa, na ikiwa imeandikishwa, mabadiliko hayo si aibu bali ni ukurasa mmoja wa historia ya gari. Orodha za washiriki wa mashindano ya zamani na picha za magazeti huonyesha namba za usajili, na namba ya usajili kwenye picha ikilingana na ile iliyo kwenye kadi ya zamani ya gari, hapo pana jambo la kuzungumza. Picha isiyoonyesha namba, hata ikiwa imejaa vumbi na watu wanashangilia, haithibitishi chochote kuhusu gari lililo mbele ya mnunuzi.

Kwa anayenuia kuagiza nakala kutoka nje, upande huu wa karatasi unageuka. Forodha itauliza mwaka wa kutengenezwa, na gari la mtumba lililozidi umri uliowekwa hutozwa ushuru wa ziada. Nakala ya Cobra iliyokamilishwa mwaka huu ikiandikwa kwamba ni ya 1965 italeta ushuru wa gari kuukuu pamoja na uongo utakaobaki kwenye kadi maisha yote ya gari hilo; ikiandikwa mwaka wake wa kweli na jina la mtengenezaji wake wa kweli, itakuwa gari jipya la kiwanda kidogo, na hivyo ndivyo ilivyo. Nakala iliyojengwa juu ya sakafu ya Beetle ina swali la nyongeza, kwa sababu namba ya chasisi iliyopigwa kwenye sakafu ile ni ya Volkswagen, na kibati cha Porsche kilichofungwa kwa ribiti mbili juu yake hakiifuti.

Namba yenyewe husomwa kwa tochi na kitambaa kilicholowekwa mafuta ya taa, mahali ilipopigwa kwenye chuma, kabla ya kusoma kibati. Herufi zilizopigwa kiwandani kwa kawaida hukaa kwenye mstari na kina kinacholingana; chuma kilichosagwa kwa grainda kikapigwa upya huwa chembamba kuliko cha jirani yake, na rangi juu yake huwa changa. Muuzaji asiyekubali gari lipandishwe ili namba isomwe hana sababu ya kutajiwa bei.